Vinyweleo Vilivyopotoka

Inspekta Pokuaa Agyarko aliweka jicho moja kwenye hadubini, akafumba la pili, akakaa hivyo mpaka shingo ikaanza kumuuma.

"Haya, nimeona nywele," alisema. "Sasa niambie nimeona nini."

Dokta Selorm Kumahor alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono mifukoni. Kijana mrefu wa Keta, kule pwani, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Tangu Inspekta aingie kwenye kitalu kile cha kioo, juu kabisa ya kilima cha Abetifi, alikuwa akijibu alichoulizwa na kunyamaza.

"Ni vinyweleo vya mzizi wa kunde," alisema. "Kila kimoja ni seli moja tu. Kazi yake ni kurefuka kwenda mbele, kiingie kwenye udongo, kitafute maji. Kikiwa kizima kinanyooka kama uzi."

Hivi havikunyooka. Vingine vilikuwa vimevimba nchani kama kidole kilichobanwa na mlango. Vingine vimejikunja kurudi vilikotoka, na kimoja kilikuwa kimechipuka pande mbili, kila upande ukienda kwake.

"Kinajuaje mbele ni wapi? Macho hakina."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Selorm alikaribia kutabasamu. "Hilo ndilo swali la Dokta Afia. Alilala nalo, akaamka nalo." Akasogea, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Seli imevikwa utando wa mafuta. Kwenye ncha kuna kimeng'enya, tuseme ni mkasi. Mkasi unakata chembe ya mafuta, na kile kipande kinachobaki ndicho ujumbe. Kilipo kipande, seli inaelewa: sukuma hapa, jenga hapa. Ujumbe ukikaa nchani, kinyweleo kinakwenda moja kwa moja. Ukikosekana, ndiyo kama hivi. Nguvu ya kukua kinayo, njia hakina."

"Na mtu akitaka ujumbe ukosekane, afanye nini?"

"Baridi kali inaweza. Chumvi nyingi. Shaba kwenye maji." Alisita. "Ni hayo."

"Hayo tu?"

"Ninayoyakumbuka."

Pokuaa aliguna. Alianza kuizunguka meza taratibu.

Dokta Afia Amponsaa alifariki kabla ya mvua kuanza, gari lake lilipopinduka kwenye kona za kupandia Kwahu. Aliacha mbegu chache za mwisho, na Selorm, aliyekuwa msaidizi wake, alizipanda mwezi uliopita ndani ya visanduku vyembamba vya kioo vilivyolazwa kwa mshazari, ili mizizi iteremke ikigusa kioo na kuonekana. Jumatatu jopo la wataalamu lingepanda kutoka Accra kuamua kama ugunduzi wa marehemu usimame kwa jina lake au uwekwe kando. Na sasa kunde zimeharibika. Mkuu wa kituo, Profesa Nyantakyi, aliwapigia polisi simu yeye mwenyewe, na jina la mtuhumiwa alilitaja kabla hajaulizwa.

Meza ya ukutani haikuguswa. Mizizi yake yote ilikuwa na vinyweleo vilivyonyooka. Iliyodhurika ni meza ya katikati, yenye kiti cha mbao pembeni yake, na hata hapo visanduku viwili vilivyofungwa uzi mwekundu vilikuwa vizima kabisa.

Pokuaa alirudi kwenye kisanduku cha kwanza. Alivuta uzi uliokuwa umelegea kwenye pindo la shati lake la sare, akaukata kwa meno, akaulaza juu ya kioo. Mzizi haukuharibika wote. Palikuwa na kipande kilichopotoka, kikafuata kilichonyooka, kikaja tena kilichopotoka. Akapima kutoka mpotoko mmoja hadi mwingine, akausogeza uzi chini, akapima tena. Urefu ulikuwa ule ule.

"Mzizi huu unateremka kwa mwendo gani?"

"Inategemea."

"Dokta, sikuulizi siri ya jeshi."

Selorm alitazama uzi. "Kutoka hapa mpaka hapa ni kama wiki."

"Na tangu mpotoko wa mwisho mpaka kwenye ncha?"

"Wiki pia."

"Basi ilikuwa Ijumaa iliyopita, na Ijumaa ya kabla yake, na ya kabla yake." Pokuaa alikunja uzi kidoleni. "Na leo ni Ijumaa. Ijumaa iliyopita mchana ulikuwa wapi?"

"Nkawkaw. Nilifuata vipuri vya pampu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Alijibu haraka mno, na sikio lake moja lilikuwa limebadilika rangi.

*

Profesa Nyantakyi alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Nyuma ya kiti chake palikuwa na picha ya msichana aliyevaa joho la mahafali, na yeye mwenyewe pembeni, kijana zaidi, akicheka meno yote nje.

"Ni Dokta Afia?" Pokuaa aliuliza.

"Ndiye." Hakugeuka kuitazama. "Inspekta, hili jambo liko wazi. Ijumaa mchana mlinzi wetu Issaka anakwenda msikitini, lango linabaki tupu. Nani anayajua hayo kama si mtu wa ndani?"

"Abetifi nzima inajua Issaka anaswali, Profesa."

"Lakini Abetifi nzima haijui visanduku vya uzi mwekundu ni vya nini." Aliinama mbele. "Hizo ni kunde ambazo Afia alizibadilishia mkasi, kile kimeng'enya chao. Alidai haudanganyiki. Selorm anataka jopo lione hivyo: kunde za kawaida zimepotoka, za Afia zimenyooka. Basi za kawaida amezitilia sumu, hizi akaziruka. Huo ni udanganyifu, na ukigundulika Jumatatu, jina la yule binti litaoza pamoja na lake."

"Sumu gani?"

"Pombe. Haihitaji kuwa nyingi."

Pokuaa aliinua uso. "Pombe hii tunayoijua?"

"Hiyo hiyo. Mkasi ule ukikata mafuta unatumia maji. Ukiutilia pombe nyepesi, unashika pombe badala ya maji, na kipande kinachotoka kinakuwa kitu kingine, hakibebi ujumbe. Mwanafunzi yeyote wa Selorm anakijua kisa hicho. Yeye ndiye anayewafundisha."

"Mimi amenitajia baridi, chumvi na shaba."

"Unaona sasa?" Profesa aliegemea kiti chake, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Walikwenda pamoja kwenye kabati la kemikali. Chupa zote za pombe za maabara zilikuwa na lakiri zake, hazijaguswa.

"Amenunua nje," alisema Profesa.

"Huenda," alisema Pokuaa.

Langoni, Issaka alikuwa ameshavaa kanzu, anatia udhu kwa birika. Pokuaa alimsubiri amalize.

"Baba Issaka, ukirudi kutoka msikitini Ijumaa, humu ndani unamkuta nani?"

"Namkuta yule Dokta mrefu. Anakula."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita kanibakishia. Viazi vikuu na mboga ya majani ya kontomire, pilipili imesagwa kwenye chungu, hii ya kusagwa kwa mkono. Chakula cha nyumbani hicho, hakiuzwi njiani."

"Nani anampikia?"

Issaka alifuta uso kwa pindo la kanzu. "Mtu akikupa chakula kitamu, binti yangu, wewe unamhoji?"

Pokuaa alicheka kidogo, akamwachia aende zake. Kisha akarudi kitaluni, akajipangia kiti cha mifuko ya mboji nyuma ya rafu za miche, akatulia.

*

Jua lilikuwa limesimama juu ya kioo wakati ufunguo ulipoingia mlangoni. Aliyeingia hakuwa Selorm.

Alikuwa mama wa makamo ya juu, amevaa kitenge cheusi chenye maua mekundu ya msiba, beseni kichwani limefunikwa kitambaa safi. Alilitua kwa uangalifu, akavua kandambili mlangoni kama mtu anayeingia chumbani kwa mtu, akaketi kwenye kile kiti cha mbao. Alipumua kwanza.

"Afia," alisema, "nimekuja."

Nyuma ya rafu Pokuaa aliuma mdomo. Kwao, Afia ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa Ijumaa. Asubuhi nzima alikuwa akiitafuta siku ya mlinzi kutokuwepo, na siku yenyewe ilikuwa ndani ya jina la marehemu.

"Paa lile la jikoni limetengenezwa," mama aliendelea. "Fundi kaliharibu, kalitengeneza tena. Dada yako kajifungua, wa kiume, ana masikio ya babu yako, Mungu amsaidie. Huyu Selorm wako anazidi kukonda. Nimemwambia watu wa Keta mkikosa samaki mnadhani hakuna chakula duniani." Alifunua beseni. "Nimekuletea chako."

Kutoka ndani yake alitoa glasi na chupa ndogo ya akpeteshie, ile pombe kali ya kienyeji. Alijaza kiasi, akasimama.

"Kwetu mwanamke hamwagi kinywaji cha tambiko wazee wakiwepo. Lakini hapa wazee hawapo, tuko mimi na wewe. Na hii sakafu yenu ya saruji hainywi."

Ndipo akainama juu ya visanduku, kwenye ule udongo mweusi ulioonekana juu ya vioo, udongo uliokuwa karibu na kile kiti, akaanza kumwaga. Tone hapa, tone pale, midomo ikitembea. Alipofika mwisho wa safu aliinamia zaidi.

"Na nyie wenye uzi, msije mkasema nimewabagua," alisema, akawamwagia na wao.

Pokuaa alisubiri mpaka glasi ikawekwa chini. Kisha akatoka polepole, kofia mkononi, akapiga goti kidogo.

"Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kujificha. Naitwa Pokuaa."

Mama alishtuka, akashika meza. Alimtazama viatu, akapandisha macho mpaka kwenye nyota za begani. "Wewe ni wa polisi."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi ni Maame Birago. Mama yake Afia." Aliuangalia ufunguo juu ya beseni. "Huo nimepewa, sijaiba. Nimefanya kosa gani?"

Kabla Pokuaa hajajibu, mlango ulifunguliwa. Selorm aliingia na sahani mbili mikononi, akamwona Inspekta, akasimama. Sahani ziligongana.

"Mama, usijibu kitu," alisema. "Inspekta, ni mimi. Andika ni mimi, tumalize."

"Umefanya nini?" Maame Birago alimuuliza.

Selorm alimtazama Pokuaa kwa macho ya kuomba, akatikisa kichwa taratibu, na Pokuaa akaelewa kwamba huo uongo wote, wa Nkawkaw na wa baridi na shaba, ulikuwa kwa ajili ya kumficha jambo mwanamke mmoja.

"Mnatazamana juu ya kichwa changu kama watu waliokaa na mgonjwa," alisema Maame Birago. "Nimezika mtoto. Hakuna mtakaloniambia litakaloniua."

Pokuaa alivuta kigoda, akaketi akamwangalia usoni.

"Mama, hiki kinywaji ndicho kilichoharibu kunde za Afia. Mizizi ikikinywa inasahau njia."

Maame Birago alichukua kizibo cha chupa. Alijaribu kukirudisha, kikakataa kuingia. Selorm aliweka sahani chini, akamshika mkono, wakakiingiza pamoja.

"Wewe ulijua," mama alimwambia.

"Tangu wiki ya pili."

"Na ukaniacha."

"Mama, tangu mazishi ulikuwa huli. Dada yake Afia aliniambia, ulikuwa unashinda na uji wa asubuhi. Ijumaa ndiyo siku pekee unayopika. Unakuja hapa, unaongea naye, halafu unakaa kitini unakula, unanitukana mimi na watu wa Keta. Ningekwambiaje?"

"Ungesema. Ningelia, ningenyamaza."

"Nisingeweza."

Maame Birago alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kwa hasira, kama anayejifuta vumbi. "Na Jumatatu wangekufukuza kazi kwa ajili ya chupa yangu. Mama yako Keta ningemwambia nini?" Akavigeukia visanduku. "Zote zimekufa?"

"Hazijafa, zimepotoka," alisema Pokuaa. "Isipokuwa hizi mbili." Aligusa uzi mwekundu. Kisha kidole kikasimama pale pale. "Mama, hizi ulizimwagia leo. Nimeona kwa macho yangu. Ijumaa zilizopita je?"

"Zote. Ningemnyima nani?"

"Kiasi kile kile?"

"Glasi ni hiyo hiyo, mkono ni huu huu."

"Na unajua uzi mwekundu maana yake nini?"

"Mapambo. Afia alipenda nyekundu tangu mdogo."

Pokuaa alimgeukia Selorm. Kijana alikuwa ameacha mdomo wazi. Alikisogelea kisanduku cha kwanza chenye uzi, akainusa mboji yake, akainusa ya cha pili. Akapiga magoti sakafuni, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa meza.

"Nilidhani aliziruka," alisema. "Nilidhani kaona uzi, kaogopa kuzigusa. Ndiyo maana sikuwa na la kumjibu Profesa."

"Hakuruka hata moja."

"Basi zimekunywa sawasawa na nyingine, na zimenyooka." Alikuwa anacheka na analia kwa pamoja. "Mama, Afia alikuwa sahihi. Alisema akiubadilisha mkasi, pombe haitaudanganya na ujumbe utabaki nchani. Wakamwambia athibitishe. Hakuwahi kupata nafasi."

Maame Birago aliweka kiganja juu ya kichwa chake, kama anavyowekewa mtoto mwenye homa. "Sielewi unachosema," alisema. "Endelea kusema."

*

Profesa Nyantakyi aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, miwani mkononi. Aliuliza maswali ya mtu asiyetaka kuamini haraka: nani alimpa mama ufunguo, nani aliosha glasi, kama Selorm aliwahi kuwepo wakati wa kumwaga. Pokuaa alijibu aliyoyaona, Maame Birago alijibu yaliyobaki. Profesa mwenyewe akainusa mboji, akaenda na hadubini kisanduku kwa kisanduku, akarudia safu nzima.

"Mama huyu hakujua ipi ni ipi," alisema hatimaye.

"Hata sasa hajui," alisema Pokuaa.

"Afia alikuja kwangu na wazo hili, nikamwambia jaribio la haki haliwezekani hapa, kwa sababu kila anayemwagilia anajua anachokitafuta." Alivaa miwani, akaivua tena. "Selorm."

"Ndiyo, Profesa."

"Nilikudhania vibaya. Nilikuwa nimeogopa kwa ajili yake, nikatafuta wa kumlaumu." Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayebeba kitu kizito kukipitisha mlangoni. Akamgeukia Maame Birago. "Mama, Jumatatu utakubali kuwaeleza wageni ulivyofanya?"

"Nitawaeleza. Ila Selorm anitafsirie vizuri, wasije wakadhani nakunywa mchana kwenye maua ya watu."

Hakuna aliyecheka zaidi ya Profesa, na alipoanza alishindwa kujizuia, ikabidi aketi kwenye kile kiti cha mbao cha Afia.

Jioni hiyo hiyo Selorm aliisuuza mizizi kwa maji safi, akabakiza vile visanduku ambavyo jopo lingetaka kuviona kama vilivyo. Pokuaa aliandika taarifa yake fupi kituoni: hakuna kosa la jinai, mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mkubwa wake alimuuliza sumu ilikuwa nini. Alimwambia ni mama aliyekuja kumtembelea mwanawe.

Jumapili alipanda tena kilimani. Hakuwa na kazi yoyote kule, na hakujitafutia sababu. Alimkuta Maame Birago ametoka kanisani, amevaa nyeupe, na Selorm anamrekebishia kimo cha hadubini.

"Vile vilivyopotoka vitabaki hivyo hivyo, Mama," Selorm alikuwa akisema. "Kinyweleo kikishakosea hakirudi nyuma. Lakini mzizi unaendelea. Tazama chini, kwenye ncha, hivi vilivyoota jana."

Maame Birago aliinama, mikono kwenye magoti. Nje ya kioo ukungu wa Kwahu ulikuwa unaanza kupanda kutoka bondeni.

"Vidogo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hiki cha pembeni, kinasogea au macho yangu?"

"Kinasogea. Polepole sana, lakini kinasogea."

"Kinaelekea wapi?"

"Mbele."

Mama hakuinua kichwa. Selorm alimsogezea kigoda nyuma ya miguu yake, naye akaketi bila kuliondoa jicho.

Pokuaa alitoka akaufunga mlango bila kelele. Langoni alimkuta Issaka ameshika mnyororo, tayari kufunga.

"Subiri kwanza, Baba," alimwambia. "Kuna mtu bado anatazama."